Tone moja la fedha: maisha ya daktari Carl Credé na macho ya mtoto wako

Mama, siku uliyojifungua huenda mkunga alimpaka mtoto wako dawa machoni. Huenda hukuona. Ulikuwa umechoka, ulikuwa unasubiri kusikia kama ni wa kike au wa kiume, na dawa yenyewe ilipakwa kwa muda mfupi kuliko wa kufunga nepi. Wapo akina mama wanaoona na kushtuka: mtoto hana hata saa mbili duniani, kwa nini anatiwa kitu machoni?

Jibu la swali hilo limo ndani ya maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita. Alikuwa daktari wa uzazi, Mjerumani, na dawa yake ilitokana na fedha, madini yale yale ya pete na mikufu. Ukiyajua maisha yake utaelewa mambo mawili: kwa nini tone moja lilinusuru macho ya watoto wengi sana, na kwa nini fedha hiyo hiyo, ikitumiwa kila siku bila mpango, huingia kwenye kioo cha jicho na kubaki humo maisha yote.

Kijana wa Berlin

Carl Siegmund Franz Credé alizaliwa Berlin tarehe 23 Desemba 1819. Alisomea udaktari huko huko Berlin, akahitimu mwaka 1842, kisha akawa daktari msaidizi katika kliniki ya uzazi ya mji huo. Mwaka 1852 alipewa kazi mbili kwa pamoja: kuongoza chuo cha wakunga cha Berlin, na kusimamia wodi ya wazazi katika hospitali ya Charité.

Kazi hiyo ya kufundisha wakunga tuikumbuke, kwa sababu ndiyo iliyomfanya afikiri namna alivyofikiri. Credé alijua kwamba watoto wengi hawazaliwi mikononi mwa maprofesa. Wanazaliwa mikononi mwa wakunga, usiku, mahali penye taa hafifu. Njia ambayo mkunga hawezi kuifanya peke yake haiwezi kuwafikia watoto wengi.

Huenda jina lake limewahi kutajwa mahali ulipojifungulia bila wewe kujua. Wanafunzi wa ukunga hujifunza njia ya kubonyeza na kusukuma mji wa mimba kwa mkono kutoka juu ya tumbo ili kondo la nyuma litoke. Njia hiyo aliieleza yeye, na bado inaitwa kwa jina lake, ingawa siku hizi haifanywi kwa kila mzazi.

Wodi ya Leipzig

Mwaka 1856 Credé alihamia mji wa Leipzig kuwa profesa wa uzazi na mkuu wa hospitali ya wazazi pamoja na shule yake ya wakunga. Alikaa hapo zaidi ya miaka 30. Wanawake wengi waliojifungua katika hospitali za uzazi za wakati ule walikuwa maskini, na wengi wao hawakuwa na mume wala ndugu wa kuwashika mkono.

Katika wodi hiyo kulikuwa na ugonjwa uliomsumbua sana. Mtoto anazaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya. Siku ya pili au ya tatu kope zinaanza kuvimba. Zinavimba mpaka jicho halifunguki, na ukizitenganisha, usaha mzito wa njano unatoka. Baada ya siku chache usaha ule unakula konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Konea ikitoboka, jicho limekwenda. Ikipona na kovu jeupe, mtoto anaona ukungu tu au haoni kabisa.

Kabla Credé hajaanza juhudi zake, karibu watoto 10 kati ya kila 100 waliozaliwa katika hospitali yake waliugua macho hayo. Si wote waliopofuka, lakini katika shule za vipofu za Ulaya wakati ule ugonjwa huu ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa zilizowafikisha watoto pale.

Watu walitoa sababu nyingi. Wengine walisema mtoto amepigwa na mwanga mkali, wengine walisema ni baridi. Credé aliangalia mama zao. Aliona kuwa watoto wengi wanaougua walizaliwa na mama wenye uchafu usio wa kawaida ukeni. Mwaka 1879 daktari mwenzake wa Kijerumani, Albert Neisser, aliona kwa hadubini vijidudu vinavyosababisha kisonono. Picha ikaanza kukamilika: mtoto anapopita katika njia ya uzazi, macho yake yanagusana na vijidudu hivyo, navyo vinaingia na kuzaana.

Kutafuta njia

Credé hakupata jibu siku ya kwanza. Kwanza alijaribu kumsafisha mama, akaagiza njia ya uzazi ioshwe kwa dawa kabla ya mtoto kutoka. Wagonjwa walipungua kidogo, lakini hawakwisha. Ndipo akageukia macho ya mtoto mwenyewe. Alijaribu dawa moja hafifu, haikutosha. Kisha akachukua nitrati ya fedha.

Dawa hii haikuwa ngeni. Ni chumvi ya fedha inayoyeyuka kwenye maji. Madaktari waliitumia kuunguza vidonda na nyama zilizozidi, na kwa Kijerumani jina lake la mitaani lilikuwa na maana ya jiwe la jehanamu, kwa jinsi linavyochoma. Madaktari wa macho nao waliitumia kutibu macho yaliyokwisha kuugua. Jipya la Credé lilikuwa kuitumia kabla ya ugonjwa, kwa kiasi kidogo sana, kwa mtoto ambaye macho yake bado ni mazima.

Alianza na watoto wa mama waliojulikana kuwa wagonjwa. Kisha, kuanzia Juni 1880, akaamua kila mtoto anayezaliwa katika hospitali yake atiwe dawa hiyo, bila kubagua. Utaratibu ulikuwa mwepesi kiasi cha kufundishwa kwa dakika chache. Macho ya mtoto yalifutwa kwa maji safi, wala si yale aliyoogeshewa. Kope zilifunguliwa kidogo. Kwa kijiti chembamba cha kioo, tone moja la nitrati ya fedha ya asilimia 2 liliangushwa katika kila jicho. Basi. Halikurudiwa.

Matokeo yalionekana mapema. Kutoka kwa watoto karibu 10 katika kila 100, wagonjwa walishuka mpaka chini ya mmoja. Credé alitangaza kazi yake mwaka 1881 katika jarida la magonjwa ya wanawake ambalo yeye mwenyewe alishiriki kulianzisha. Nchi nyingi ziliichukua njia hiyo, na baadhi zikaifanya kuwa sheria kwa wakunga.

Kwa nini watoto wote?

Hapa, mama, pana jambo la kulitazama kwa makini. Credé angeweza kuendelea kuwatia dawa watoto wa mama wagonjwa tu. Lakini ili kufanya hivyo, mkunga angelazimika kumuuliza kila mzazi kuhusu ugonjwa wa zinaa, tena akiwa katika uchungu. Wengine wangeficha kwa aibu. Wengine wasingejua kabisa kama wanao, kwa kuwa kisonono mara nyingi hakina dalili kwa mwanamke. Na mtoto wa mama aliyenyamaza ndiye ambaye angepofuka.

Dawa ilipokuwa ya wote, hakuna aliyenyooshewa kidole. Mtoto wa mke wa ndoa na mtoto wa binti aliyefukuzwa nyumbani walipata tone lile lile.

Aibu hiyo ilidumu miaka mingi baada ya Credé. Mwaka 1907 mwandishi wa Marekani Helen Keller, ambaye alipoteza kuona na kusikia kwa ugonjwa mwingine akiwa na miezi 19, aliandika katika gazeti la akina mama kuhusu upofu huu wa watoto wachanga na namna ya kuuzuia. Wakati ule ugonjwa wa zinaa haukutajwa mbele za watu. Aliutaja kwa sababu aliona kuwa ukimya unawagharimu watoto macho.

Kwa hiyo, ikiwa mkunga wako alimpaka mtoto dawa, usidhani amekushuku wewe au baba wa mtoto. Ameifanya kazi yake kama inavyofanywa kwa wote.

Fedha inapobaki kwenye jicho

Credé alikuwa mwangalifu kuhusu kiasi, na alikuwa na sababu. Hata tone moja la nitrati ya fedha huwasha jicho. Watoto wengi waliotiwa walikuwa na macho mekundu na kope zilizovimba kidogo kwa siku moja au mbili, kisha yakapoa. Dawa ikiwa kali kupita kipimo, inaweza kuunguza konea na kuacha kovu. Ndiyo maana baadaye ilipunguzwa kutoka asilimia 2 hadi 1.

Lakini fedha ina tabia nyingine, nayo haionekani kwa siku moja. Unakumbuka picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe? Zilitengenezwa kwa chumvi za fedha, kwa sababu chumvi hizo zikipigwa na mwanga hugeuka nyeusi. Jicho nalo linapokea mwanga mchana kutwa. Mtu akitia dawa ya fedha machoni kila siku kwa miezi au miaka, chembe ndogo za fedha huingia kwenye nyama ya jicho, na hapo hugeuka kuwa na rangi ya kijivu, samawati iliyofifia, au karibu nyeusi.

Chembe hizo hukaa kwenye utando mweupe wa jicho na upande wa ndani wa kope, ambako mtu anaweza kuziona kwa kioo. Nyingine hupenya konea mpaka kwenye tabaka lake la ndani kabisa. Hizo mara nyingi daktari wa macho huziona kwa mashine yake ya kukuza, zikiwa kama vumbi laini la kijivu lililotandazwa nyuma ya kioo. Madaktari huita hali hii ajirosisi, jina linalotokana na neno la Kigiriki la fedha.

Mara nyingi hali hii haipunguzi uwezo wa kuona na haiumi. Hiyo ni nafuu. Lakini haioshwi. Hakuna tone wala maji ya kuitoa. Ikishaingia kwenye konea, mtu huishi nayo.

Ajirosisi imeonekana kwa mafundi wanaosugua vyombo vya fedha na kwa wafanyakazi wa viwanda vinavyotengeneza nitrati ya fedha, kwa sababu vumbi huwaingia machoni mwaka baada ya mwaka. Imeonekana pia kwa watu wa kawaida waliotumia dawa za fedha nyumbani.

Hapa familia ya Credé inaingia tena. Mtoto wake, Benno Credé, alikuwa daktari wa upasuaji katika mji wa Dresden. Naye aliiamini fedha kama baba yake, na katika miaka ya 1890 alieneza matumizi yake kwenye vidonda, pamoja na marhamu yenye chembe ndogo sana za fedha iliyoitwa kwa jina la familia yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 dawa za fedha za aina nyingi zilijaa madukani: za macho, za pua, za koo. Hazikuwasha kama nitrati, kwa hiyo watu walizitumia bila hofu, asubuhi na jioni, kwa miaka. Ndio hao ambao macho yao, na wengine hata ngozi, yaligeuka kijivu.

Ona tofauti. Baba alitia tone moja, siku moja, kwa kipimo kilichojulikana. Waliogeuka kijivu walijitia wenyewe, kila siku, bila mtu wa kuwaambia waache.

Mwisho wa maisha yake, na kilichofuata

Afya ya Credé ilidhoofika, na mwaka 1887 aliacha uongozi wa hospitali ya Leipzig. Alifariki katika mji huo tarehe 14 Machi 1892, akiwa na umri wa miaka 72. Tone lake liliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo.

Siku hizi nitrati ya fedha imeachwa katika nchi nyingi, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1988 zilichapishwa habari za utafiti uliofanyika Nairobi, uliolinganisha nitrati ya fedha na marhamu ya tetrasaikilini kwa watoto wachanga. Mwaka 1995 ukatoka mwingine uliofanyika Kikuyu, Kenya, kwa watoto zaidi ya 3,000. Huo ulipima matone ya povidoni ayodini, dawa ya rangi ya kahawia inayotumika pia kusafisha ngozi kabla ya upasuaji, lakini kwa machoni huwa imepunguzwa makali. Matone hayo yalionekana kufanya kazi vizuri, yakiwa na bei nafuu na bila kuwasha kama fedha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wote wachanga wapewe dawa ya kinga ya macho wanapozaliwa. Dawa imebadilika. Wazo la Credé limebaki: mapema, mara moja, kwa wote.

Wewe ufanye nini?

Ukiwa mjamzito. Hudhuria kliniki na upime magonjwa ya zinaa. Mwombe baba wa mtoto apime pia. Kisonono na klamidia vinatibika, na mama aliyetibiwa kabla ya kujifungua hampi mtoto vijidudu hivyo. Ukitibiwa peke yako, utaambukizwa tena.

Siku ya kujifungua. Uliza kama mtoto amepewa dawa ya macho. Ni haki yako kuuliza. Kama umejifungulia nyumbani au njiani, mpeleke mtoto kituo cha afya haraka, hata kama macho yake yanaonekana mazima.

Siku za kwanza nyumbani. Angalia macho ya mtoto kila siku kwenye mwanga wa kutosha. Tongo kidogo kwenye kona ya jicho lisilo jekundu huwapata watoto wengi, mara nyingi kwa sababu njia ya machozi haijafunguka vizuri. Lifute kwa pamba safi iliyoloweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ukianzia upande wa pua kwenda nje, pamba moja kwa kila jicho, kisha mwonyeshe muuguzi.

Usisubiri kesho ukiona haya katika mwezi wa kwanza:

- kope zimevimba au jicho halifunguki
- usaha wa njano au kijani unaorudi kila ukifuta
- jicho jekundu
- doa jeupe au ukungu kwenye kioo cha jicho

Kisonono cha macho kinaweza kutoboa konea kwa muda mfupi sana. Mtoto huyo anahitaji sindano na kuoshwa macho hospitalini. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Wewe na baba wa mtoto nanyi mtatibiwa.

Usiweke machoni maziwa ya mama, mkojo, wanja, asali, majani wala dawa iliyobaki ya mtoto mwingine. Bibi au shangazi akikushauri hivyo, mwitikie kwa heshima, mwambie mtoto ataonwa kwanza na muuguzi. Hata bibi hataki mjukuu apofuke.

Usinunue maji ya fedha. Bado yapo yanayouzwa kama dawa ya kila kitu, na muuzaji atakuambia fedha ni kitu cha asili, haina madhara. Sasa unajua inakokwenda. Kama unatumia dawa yoyote ya macho kwa wiki nyingi, iwe kwako au kwa mtoto, ichukue na chupa yake, mpelekee mhudumu wa afya, umuulize ina nini na utaacha lini.

Na kama wewe au mzee wako nyumbani ana rangi ya kijivu kwenye weupe wa jicho, msijaribu kuiosha. Nendeni kliniki ya macho ikaangaliwe, kwa kuwa si kila doa ni la fedha, na mengine yanahitaji matibabu.

Leo, kabla mtoto hajalala, mpeleke karibu na dirisha umtazame macho. Kioo cha jicho kikiwa angavu, weupe ukiwa mweupe, na kope zikiwa zimelala vizuri, mlaze kwa amani. Ukiona usaha, mbebe muende.